Kwa Nini Dinosaria wa 1993 Bado Anaaminika Kuliko Majitu ya Leo

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Juzi nilimwonyesha binti yangu wa miaka kumi na mmoja filamu ya Jurassic Park, niliyoitazama nikiwa kijana. Siku iliyofuata tukatazama filamu mpya ya mashujaa, iliyojaa miji inayobomoka na majitu yanayopigana angani. Binti yangu akasema kwamba yule dinosaria wa usiku ni wa kweli, lakini yale majitu ni ya kompyuta. Nilishindwa kumjibu. Je, kompyuta za leo hazina nguvu mara elfu kadhaa kuliko za mwaka 1993? Au watu wa zamani hawakutumia kompyuta? Na zile filamu zinazojisifu kwamba kila kitu kilifanywa kwa mikono, zinasema kweli? Sasa binti yangu anataka kujua kazi hii inafanywaje, na mtu huanzia wapi."

Nianze na binti yako. Ameona sawasawa. Alichokosea ni jina tu, kwani yule dinosaria wa usiku naye, katika baadhi ya shoti (vipande vya picha vinavyopigwa bila kukata) za tukio lile, ametengenezwa kwa kompyuta kuanzia utosini hadi unyayoni. Kwa hiyo hakuwa akitofautisha kitu cha kompyuta na kitu cha kweli. Alikuwa akitofautisha picha ambayo mwanga wake uliamuliwa kabla kamera haijawashwa na picha ambayo mwanga wake uliamuliwa miezi kadhaa baada ya waigizaji kwenda zao. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ya kuunganisha matabaka ya picha, yaani kumweka mwigizaji, mandhari, moshi na kiumbe cha kompyuta ndani ya fremu moja hadi mtazamaji asitambue kwamba vilitoka sehemu mbalimbali, na sijaona sababu nyingine inayoharibu kazi hiyo zaidi ya uamuzi uliochelewa.

Itazame kwanza filamu yenyewe. Katika saa mbili na dakika chache za Jurassic Park, dinosaria wanaonekana kwa dakika zipatazo 15 tu, na kati ya hizo ni takriban 6 zilizotengenezwa kwa kompyuta. Zilizobaki ni sanamu za mitambo zilizojengwa katika karakana ya Stan Winston, pamoja na ile ya Tyrannosaurus yenye ukubwa kamili. Mpango wa mwanzo wa mwongozaji Steven Spielberg ulikuwa kutumia vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo fremu kwa fremu chini ya usimamizi wa Phil Tippett, bingwa wa sanaa hiyo, lakini mafundi wa kampuni ya Industrial Light & Magic walipomwonyesha jaribio la mnyama wa kompyuta akitembea, mpango ukabadilika. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba Tippett hakufukuzwa. Alibaki kuwasimamia vijana wa kompyuta na kuwafundisha jinsi mnyama mzito anavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, namna anavyosita, anavyopumua, anavyogeuza kichwa kabla ya kiwiliwili. Ujuzi wa mikono ya miaka mingi ukahamia kwenye mashine.

Halafu ndilo lile tukio la usiku. Mvua inanyesha, taa za gari zinamulika ubavu wa mnyama, na sehemu kubwa ya mwili wake imo gizani. Mvua ile iliwatesa sana mafundi wa sanamu: ngozi yake ya mpira wa sponji ilifyonza maji, uzito ukaongezeka, sanamu ikaanza kutetemeka, na kati ya shoti na shoti ilibidi watu waifute kwa taulo. Lakini mateso hayohayo yaliwapa mafundi wa kompyuta zawadi ambayo leo hatuipati mara nyingi. Ngozi yenye maji ilikuwepo palepale, chini ya taa zilezile, mbele ya lenzi ileile. Walipoketi kutengeneza shoti za mnyama mzima akitoka nje ya uzio, hawakulazimika kubuni jinsi tone la mvua linavyong'aa juu ya magamba, kwa kuwa walikuwa na fremu ya sanamu mezani, na kazi yao ilikuwa kuifikia. Sitaki ufikiri kwamba ninaabudu ya kale. Itazame tena filamu hiyohiyo pale Brachiosaurus, dinosaria mwenye shingo ndefu, anapotokea mchana kweupe, na utaona kwamba ngozi yake ni kavu mno na kivuli chake hakijashikana vizuri na nyasi. Mchana hauna pa kujificha, na pale hapakuwa na sanamu nzima ya kulinganisha.

Hapo tunafika kwenye kiini cha kazi, nami naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili halionekani kwenye filamu yenyewe. Shoti ikikamilika kupigwa, kabla taa hazijazimwa, mtu mmoja huingia mbele ya kamera akiwa ameshika mipira miwili juu ya fimbo. Mmoja ni wa kijivu usiong'aa, mwingine ni wa kromu unaong'aa kama kioo. Husimama pale alipokuwa mwigizaji, kamera huwashwa kwa sekunde chache, kisha huondoka. Mpira wa kijivu unatuambia mwanga unatoka wapi, una ukali gani, kivuli kina rangi gani, kwa sababu kivuli hakiwi cheusi kamwe: nje mchana huwa na ubuluu wa anga, chumbani hubeba rangi ya ukuta ulio karibu. Mpira wa kromu una mengi zaidi, kwani ukiukodolea macho utaona ndani yake dunia nzima iliyomzunguka mwigizaji: taa zote, dirisha, mbingu, mafundi waliosimama pembeni, hata kamera yenyewe. Mwaka 1998 mtafiti Paul Debevec alionyesha kwamba ukipiga picha kadhaa za mpira kama huo kwa viwango tofauti vya mwanga, kutoka giza hadi uangavu mkali, unaweza kuzigeuza kuwa tufe la nuru litakaloangaza kitu cha kompyuta sawasawa na jinsi mahali palepale palivyomwangaza binadamu. Leo kamera maalumu ya kupiga duara zima inafanya kazi hiyo pia, lakini mipira bado ipo. Zoezi zima halichukui hata dakika moja. Ni dakika moja ambayo mara nyingi inakatwa, kwa sababu watu 100 wanasubiri, jua linazama, na mtu asiyejua thamani yake husema tutatengeneza baadaye.

Niliwahi kupokea shoti ya namna hiyo kutoka kwa watayarishaji ambao sitawataja. Mwigizaji, mama mmoja, amesimama mbele ya pazia la buluu, akitazama kitu ambacho hakikuwepo. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameamua bado nyuma yake patakuwa na nini, mpigapicha aliombwa amwangaze kwa mwanga laini kutoka pande zote, ili mandhari yoyote iweze kuwekwa. Mipira haikupigwa. Miezi mitatu baadaye uamuzi ukaja: jua linazama, chini, nyuma ya bega lake la kushoto. Tukaanza kazi. Tulitia giza upande wa kulia wa uso wake, tukachora ukingo wa rangi ya machungwa kwenye nywele, tukapunguza mng'ao wa pua, tukaongeza vumbi linaloelea kati yake na kamera. Kisha tukafika machoni. Ndani ya kila mboni palikuwa na miraba miwili midogo myeupe, yaani taa za studio zinazojiakisi kwenye unyevu wa jicho. Hakuna jua linalozama lenye umbo la miraba miwili. Tuliifuta fremu kwa fremu, tukatia kingo za anga badala yake, na macho yakakosa uhai, ikabidi turudishe mraba mmoja kwa nusu. Tulituma matoleo tisa. Ukipima kila kitu kwa kifaa, rangi na mwanga vyote vilikuwa sawa; lakini ukimtazama yule mama usoni unajua hasimami pale. Shingo yake haikujikunja kama ya mtu aliyepigwa na jua la jioni, wala ngozi ya chini ya kidevu haikupokea joto linalorudi kutoka ardhini. Vitu hivyo mwili huvifanya wenyewe pale mwanga unapokuwepo, na havichoreki baadaye.

Sasa tuje kwenye nguvu za kompyuta, na hapa nitakuwa mwaminifu kwa mashine. Kompyuta zimeongezeka uwezo kweli, na picha zake leo ni bora kuliko za 1993 kwa kila kipimo ninachokijua. Mwaka 1986 James Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaoeleza jinsi mwanga unavyosafiri kutoka uso hadi uso ndani ya mandhari, lakini kuukokotoa kikamilifu kulihitaji muda ambao hakuna studio iliyoumudu, hivyo kwa miaka mingi tulitumia njia za mkato, kila fundi akiweka taa za uongo ili kuiga nuru inayorudi kutoka ukutani. Katika muongo wa 2010 studio kubwa zilihamia njia ya kuifuata miali mmoja mmoja inavyodunda, na taa nyingi za uongo zikaondoka. Ngozi nayo ina hadithi yake. Mwambie binti yako azime taa, awashe tochi nyuma ya vidole vyake, aone jinsi kingo zinavyokuwa nyekundu: nuru haiishii juu ya ngozi, huzama, hutawanyika ndani ya nyama, kisha hutokea mahali pengine. Mpaka mwaka 2001, watafiti wanne, akiwemo Henrik Wann Jensen, walipochapisha njia ya vitendo ya kukokotoa mtawanyiko huo, nyuso za kompyuta zilikuwa na ule ugumu wa plastiki tunaoukumbuka. Muda mfupi baadaye viumbe wa sinema wakaanza kuwa na masikio yanayopitisha mwanga.

Kwa hiyo ukiona picha ya leo inaonekana bandia, mara chache sana kosa ni la hesabu. Katika Interstellar ya mwaka 2014, mwanafizikia Kip Thorne aliwapa mafundi wa Double Negative milinganyo ya jinsi nuru inavyopinda karibu na shimo jeusi, na baadhi ya fremu zilichukua hadi saa 100 kukokotolewa, fremu moja moja, wakati sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Lakini kitu kinachonigusa zaidi katika filamu ile ni kwamba picha za anga zilitayarishwa mapema, zikarushwa kwa projekta kwenye skrini kubwa nje ya madirisha ya chombo kilichojengwa studioni. Waigizaji waliona walichokuwa wakikitazama, na nuru ya kitu hicho iliwaangukia usoni. Uamuzi ulifanywa kabla.

Mwanga siyo yote, ingawa mimi huupa nafasi ya kwanza. Binti yako aliyataja majitu, na majitu yana ugonjwa wao: hayana uzito. Chukua kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 20. Kitafika chini baada ya sekunde mbili hivi, na hakuna namna ya kukiharakisha ila kwa kukisukuma. Mafundi wa zamani waliotengeneza majengo madogo ya mfano walilijua hili kwa vidole. Mfano uliojengwa kwa kipimo cha moja kwa 25 ukianguka mbele ya kamera huanguka upesi mara tano kuliko jengo halisi, kwa kuwa muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha kipimo, na tano mara tano ni 25. Basi waliipiga picha kwa fremu 120 kwa sekunde badala ya 24, na ilipoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, matofali yalishuka kwa uzito wa jengo zima. Kompyuta hailazimiki kutii sheria hiyo. Mhuishaji, yaani fundi anayeipa picha ya kompyuta mwendo, akiambiwa kwamba pigano linachosha, akaambiwa aongeze kasi kidogo, jitu la mita 30 linarusha ngumi kwa muda uleule wa mtu wa kawaida, na ubongo wa mtazamaji, ambao tangu utotoni umeona vitu vikianguka, unakataa ukubwa ule hata kama hauwezi kusema kwa nini. Kwa jicho, kasi ndiyo kipimo cha ukubwa. Jitu likikimbia kama paka, ni paka.

Kamera nayo ina uzito. Kamera halisi imebebwa na mtu, au iko juu ya reli, au imefungwa kwenye helikopta. Huchelewa kidogo kumfuata anayekimbia, humpita kidogo, hurudi. Kamera ya kompyuta inaweza kupita katikati ya vidole vya jitu, izunguke mnara, ipenye kwenye tundu la risasi bila kugusa kitu, na mara nyingi hupewa ruhusa ya kufanya hivyo kwa sababu tu inawezekana. Mtazamaji huacha kuwa shahidi aliyesimama mahali fulani. Hili nimelijadili na wenzangu wengi, na wapo wanaosema kizazi kilichokua na michezo ya video kimezoea kamera inayoruka. Nakubali kwamba kimeizoea. Ila binti yako ni wa kizazi hicho, na bado alimwamini yule mnyama aliyepigwa picha kutoka kimo cha kiti cha gari.

Kuna jambo la wingi na la fedha ambalo lazima niliseme, maana lawama mara nyingi huwaangukia mafundi. Jurassic Park ilikuwa na shoti za kompyuta zipatazo 60, wakati filamu kubwa ya leo huwa na zaidi ya 2,000, zikigawanywa kwa kampuni kadhaa zilizo katika mabara tofauti, na tarehe ya kuonyeshwa kwake ikiwa imetangazwa hata kabla hadithi haijakamilika kuandikwa. Kampuni hizo kwa kawaida hufanya kazi kwa bei ya jumla iliyokubaliwa mwanzoni. Mwongozaji akibadilisha mawazo mara kumi, kazi hufanywa mara kumi na fedha hubaki zilezile, au huongezeka kwa shida. Februari 2013, kampuni ya Rhythm & Hues, iliyomtengeneza simbamarara wa Life of Pi, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika; chini ya wiki mbili baadaye filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar ya kazi hiyohiyo, huku nje ya ukumbi mamia ya mafundi wakiandamana. Simbamarara yule, ambaye katika sehemu kubwa ya filamu ni wa kompyuta, ni miongoni mwa wanyama bora waliowahi kutengenezwa, na mafundi walikuwa na simbamarara halisi wa kulinganisha naye. Naumia kila nikiuona mkono wake unapokanyaga turubai ya mashua, kwa kuwa najua ni watu gani hawakulipwa mishahara yao ya mwisho kwa wakati.

Sasa swali lako la tatu, la filamu zinazojisifu kwamba hazikutumia kompyuta. Nyingi husema nusu ya ukweli. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ilisifiwa, na ilistahili, kwa magari yake ya kweli yaliyopinduliwa kweli katika jangwa la Namibia. Hata hivyo ina shoti zipatazo 2,000 za madoido ya kompyuta, yaani zilizotengenezwa au kurekebishwa kwa kompyuta. Dhoruba ya mchanga ni ya kompyuta, ngome ya miamba imejengwa kwa kompyuta, mkono wa shujaa wa kike uliokatwa umefutwa kwa kompyuta, nyaya zilizowashikilia wachezaji wa hatari zimefutwa, anga limebadilishwa shoti hadi shoti. Haionekani bandia kwa sababu katikati ya kila fremu kuna chuma halisi kinachopata vumbi halisi chini ya jua halisi, na kompyuta imetii jua hilo. Wasambazaji wanapoficha kazi hiyo wanawadhulumu waliofanya, na pia wanawafundisha watazamaji kosa lile la binti yako, kwamba kizuri ni cha mikono na kibaya ni cha kompyuta.

Maana kompyuta nzuri huioni. Katika Forrest Gump ya mwaka 1994, miguu ya mwigizaji Gary Sinise ilivishwa kitambaa cha buluu kisha ikafutwa, na watu wengi walitoka ukumbini wakidhani wamemtazama mtu aliyekatwa miguu. Katika Parasite ya mwaka 2019, ile nyumba ya matajiri yenye bustani ilijengwa ghorofa ya chini peke yake. Ghorofa ya juu unayoiona kutoka bustanini iliongezwa na kompyuta. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kulalamika kuhusu ghorofa ile.

Dawa ipo, na haihitaji kurudi kwenye vinyago. Alfonso Cuarón alipotaka kutengeneza Gravity, iliyotoka mwaka 2013, karibu kila kitu isipokuwa nyuso za waigizaji kilipaswa kuwa cha kompyuta. Yeye, mpigapicha Emmanuel Lubezki na msimamizi wa madoido Tim Webber waliamua mienendo na mwanga wa filamu nzima kwanza, wakaihuisha kwenye kompyuta kwa sura ya rasimu, kisha wakamweka Sandra Bullock ndani ya sanduku ambalo kuta zake za ndani zilifunikwa kwa taa ndogondogo za LED. Dunia ilizunguka ukutani, na nuru yake ya buluu ikapita shavuni mwake kwa mwendo uleule ambao ingepita angani. Ukimtazama akizunguka gizani, angalia mboni zake: kile kinachong'aa ndani yake kinafanana na kile kilichowekwa nyuma yake, tofauti na yule mama wa miraba miwili.

Kutokana na mawazo kama hayo kukaja kumbi za skrini za LED. Ule uliotumika kwa mfululizo wa The Mandalorian wa mwaka 2019 ulikuwa na kipenyo cha mita zipatazo 23 na kimo cha mita 6, na mandhari yalionyeshwa ukutani na kubadilika kufuatana na mwendo wa kamera. Shujaa wake huvaa kofia ya chuma inayong'aa pande zote, yaani mpira wa kromu wenye miguu, na mbele ya pazia la kijani ingemeza kijani chote. Ndani ya ukumbi ule iliakisi jangwa. Kasoro zake zipo: watu hukusanyika katikati kwa kuwa nafasi ya kutembea ni ndogo, na ukiupa ukuta picha mbovu utapata nuru mbovu. Lakini unamlazimisha mwongozaji aamue mandhari kabla ya siku ya kupiga, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Na haihitaji mali ya kutisha. Godzilla Minus One ya Japani, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa na shoti 610 za madoido zilizofanywa na kikundi cha watu wapatao 35, kwa bajeti ya filamu nzima iliyokuwa chini ya dola milioni 15, na ikashinda Oscar ya madoido mbele ya filamu zilizotumia fedha nyingi mno kuliko yake. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa madoido. Fundi akiwa na swali kuhusu povu la bahari, aliyekuwa na jibu alikuwa karibu naye, na akishasema ndiyo imekuwa ndiyo. Hakukuwa na matoleo tisa. Jitu lake, ukilitazama likigeuka baharini, hugeuka polepole, na maji huchelewa kulifuata.

Kuhusu binti yako kuanzia wapi: ipo programu iitwayo Blender, ni ya bure na inatumika kweli kazini; filamu ya Flow, iliyoshinda Oscar ya filamu za uhuishaji mwaka 2025, ilitengenezwa kwayo. Lakini nisingeanza na programu. Mtafutieni mpira mdogo, mupake rangi ya kijivu isiyong'aa, na autundike kwa uzi karibu na dirisha. Aupige picha kwa simu asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha aupeleke nje, chini ya mti, karibu na ukuta wenye rangi kali, na kila mara aandike kabla ya kupiga: mwanga unatoka upande gani, upande wa giza utakuwa na rangi gani, ukingo wa kivuli utakuwa mkali au laini. Baada ya kupiga alinganishe alichoandika na alichokiona. Upande wa giza utamshangaza mara nyingi, hasa pale karibu na ukuta, ambapo chini ya mpira patakuwa na rangi ambayo hakuitarajia. Akifikia hatua ya kuitabiri rangi hiyo kabla ya kupiga picha, aniandikie, nami nitamtumia shoti moja ya mazoezi yenye mipira yote miwili.